Mtoto anayejenga mtambo wa kurusha asifukuzwe, aulizwe swali

Karibu kila kundi la familia zilizohama kutoka Masisi au Walikale lina simu moja ambayo watoto huizunguka jioni, kabla moto wa kupikia haujazimika. Mwenye simu ni kaka mkubwa au mjomba. Ndani ya simu hiyo kuna mchezo: mbao, magurudumu, kamba, springi, na kazi moja ya kufanya. Kitu kilicho upande huu kinatakiwa kifike upande ule, na katikati kuna shimo, mto au ukuta. Mtoto anaunganisha vipande, anabonyeza, mtambo unavunjika. Anaanza tena. Safari ya kumi mzigo unaruka, unapita juu ya ukuta, na watoto wote wanapiga kelele.

Mzazi anayepita husema neno lile lile: acheni upuuzi, nendeni mkateke maji.

Maji lazima yatekwe, na hilo halina ubishi. Lakini neno "upuuzi" linafaa kuangaliwa upya, hasa mwaka huu, hasa Masisi na Walikale. Mtoto anayejaribu mara kumi kurusha kitu juu ya ukuta anafanya kazi ambayo mwanafunzi wa sekondari huandika katika daftari bila kuigusa hata siku moja. Na kwa maelfu ya watoto wa maeneo haya, daftari lenyewe limebaki nyuma katika nyumba iliyoachwa mlango wazi.

Michezo ya namna hii si mipya. Mwaka 2009 ulitoka Angry Birds, ule wa ndege wanaorushwa kwa manati, na watu wengi wa hapa waliuona kwenye simu zao za kwanza za kugusa. Mwaka 2012 kampuni hiyo hiyo ilitoa Bad Piggies, ambamo mchezaji hapewi manati tayari. Anapewa vipande, na chombo anajijengea mwenyewe. Kwa wenye kompyuta upo Besiege, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2015, ambamo watu hujenga mitambo mikubwa ya kurusha mawe kama ile ya vita vya zamani. Kinachoifanya michezo hii iwe tofauti na mingine ni kwamba ndani yake vitu vina uzito. Mti mwembamba ukibebeshwa mzigo mzito, unavunjika. Gurudumu likiwekwa vibaya, gari linapinduka. Mchezo haumdanganyi mtoto, wala haumpendelei.

Mtambo ambao wachezaji wazoefu huupenda kuliko yote ni ule wa mti na uzito, na wazee wa hapa wakiuona watauelewa mara moja. Ni mti mrefu uliowekwa juu ya egemeo, kama mtaimbo unaoinua jiwe. Upande mfupi umefungwa mzigo mzito. Upande mrefu una kamba yenye kifuko mwishoni, na ndani ya kifuko kuna kitu cha kurushwa. Mzigo ukiachiliwa unaanguka, upande mrefu unapanda kwa kasi, kifuko kinazunguka, kamba moja inachomoka kwenye msumari, na kitu kinakwenda zake.

Anayejaribu kwa muda mrefu hugundua siri zake moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni urefu: upande mrefu ukiwa karibu mara nne ya upande mfupi, mtambo hufanya vizuri. Ukizidisha sana, mti unakuwa mzito na kasi inapotea. Ya pili ni kifuko: kamba yake ikikaribia urefu wa upande mrefu, kitu kinakwenda mbali zaidi kuliko kikiwekwa tu kwenye kikombe mwishoni mwa mti. Ya tatu ni msumari. Msumari ulionyooka huachia kamba mapema, na kitu kinapaa juu au hata kurudi nyuma. Msumari uliopinda sana huchelewa, na kitu kinapigwa chini mbele ya mtambo. Ya nne huwashangaza wengi: mtambo ukiwekwa juu ya magurudumu, mara nyingi unarusha mbali zaidi, kwa sababu unapojisogeza wenyewe mzigo unapata kuanguka wima, na nguvu nyingi zaidi inaingia kwenye mti.

Hizo ni siri za karne nyingi. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Mfalme Uzia katika kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 26, aliyewekewa na mafundi mitambo ya kurusha mishale na mawe juu ya minara ya Yerusalemu. Mwaka 1304, huko Scotland, mfalme wa Uingereza Edward wa Kwanza alijengewa mtambo wa mti na uzito ili kuvunja ngome ya Stirling. Mafundi wale hawakuwa na simu wala vitabu vya fizikia. Walikuwa na miti, kamba, mawe, na uvumilivu wa kujaribu tena.

Na miti, kamba, mawe na uvumilivu ndivyo vitu ambavyo Masisi na Walikale havijawahi kukosa.

Hapa ndipo hoja ilipo. Mchezo wa simu ni mzuri, lakini simu ina matatizo yake. Kuchaji kunalipiwa. Mwenye simu anaihitaji kusubiri habari za ndugu waliobaki kijijini au kupokea pesa. Mtoto mmoja anacheza, watano wanaangalia. Kwa hiyo anayesema watoto wasishinde kwenye simu ana sababu. Lakini jibu si kuwanyang'anya watoto mchezo na kuwaacha mikono mitupu. Jibu ni kuutoa mchezo ndani ya simu na kuuweka chini, udongoni.

Watoto wa hapa wanajua kazi hiyo kabla hawajaambiwa. Wanatengeneza mipira kwa majani makavu ya migomba na mifuko ya plastiki. Wanatengeneza magari kwa nyaya na vizibo vya chupa. Wanachonga manati kwa panda ya mti na mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki. Na kuna chombo ambacho jimbo lote linajivunia: chukudu. Mbao za mikaratusi, magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, breki ya kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Chombo hicho kinashusha mizigo ya viazi, kabichi na makala mlimani, mizigo ambayo watu watatu wasingeibeba. Goma ilikijengea sanamu katikati ya mji. Aliyetengeneza chukudu ya kwanza hakupewa ramani na mtu. Alijaribu, ikavunjika, akajaribu tena, kama mtoto wa jioni ile kwenye simu.

Basi inakuwaje kwamba watu wanaosifu chukudu wanamfukuza mtoto anayejenga mtambo wake nyuma ya nyumba?

Sababu moja ni vita, na haifai kuipita haraka. Mitambo ya kurusha ni silaha. Watoto hawa wamesikia mabomu. Wengine walitoka Masisi mara ya kwanza, wakakaa Bulengo au Lushagala chini ya turubai, kisha mwezi wa pili 2025 kambi hizo za pembeni mwa Goma zikabomolewa, na familia zikarudi njia ya Sake zikiwa na vyungu kichwani. Wa Walikale nao waliona mwezi wa tatu mwaka huo huo vita vikifika hadi katikati ya mji wao, watu wakikimbilia msituni. Mama aliyepitia hayo akimwona mwanawe anajenga kitu cha kurusha mawe, moyo wake unashtuka. Ana haki ya kushtuka.

Lakini mtoto aliyeona vita atacheza vita hata akinyang'anywa kila kijiti, kwa sababu kichwani mwake vita bado vipo. Mtu mzima anachoweza kufanya ni kubadilisha shabaha. Mtambo ule ule unaweza kuambiwa uvunje ngome, na unaweza kuambiwa udondoshe mpira wa majani ya mgomba ndani ya kikapu kilicho hatua kumi na tano mbele. Anayevunja ngome anahitaji nguvu tu. Anayelenga kikapu anahitaji kupima, kukumbuka, kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine kama vilivyo. Kikapu ni shabaha ngumu zaidi, na watoto hupenda kilicho kigumu.

Kuna sababu nyingine, nayo ni shule. Wazazi wengi wanaamini kwamba elimu ni ile ya ubao na chaki, na kingine chochote ni kupoteza muda. Tangu mwaka 2019 serikali ilitangaza shule ya msingi bila malipo, na hilo liliwapa watu wengi matumaini. Lakini shule ya bure haimsaidii mtoto ambaye shule yake imefungwa, imekaliwa na wakimbizi au imepoteza paa. Na hata pale mwalimu alipo, masomo ya fizikia hufika baadaye, katika sekondari, kwa Kifaransa. Mwanafunzi anakariri neno levier na hajui kwamba baba yake anautumia kila siku anapong'oa jiwe shambani kwa mtaimbo. Anakariri sheria za kuanguka kwa vitu na hajawahi kuangusha kitu na kupima. Akishindwa mtihani anaambiwa hana akili. Akili anayo. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba vilivyo ubaoni na vilivyo uani ni kitu kimoja.

Na gharama ya somo hilo ni ndogo mno. Litre moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo chupa mbili za litre moja zikijazwa maji ni mzigo wa kilo mbili, bila mizani. Fimbo ya mkaratusi au mwanzi, kamba ya nyuzi za mgomba, msumari mmoja, kitambaa cha kifuko. Tonge la udongo laini uliochanganywa na majani, la gramu 50 hivi, ndilo la kurushwa. Chupa zikianguka kwa sentimita 30, hesabu yake ni rahisi. Mzigo ni mara 40 ya tonge. Zidisha 40 kwa urefu wa kuanguka, mita 0.3, halafu zidisha kwa mbili: mita 24. Huo ndio umbali wa juu kabisa ambao tonge lingeweza kufika kama hakuna kinachopotea njiani.

Lakini siku ya kwanza tonge halitafika mita 24. Huenda litafika 8, huenda 10. Hapo ndipo mtu mzima anapohitajika, na kazi yake ni kuuliza swali moja tu: mita 14 zilizobaki zimekwenda wapi? Watoto wataanza kubishana. Mmoja atasema fimbo yenyewe ni nzito, inakula nguvu. Mwingine atasema egemeo linakwaruza, litiwe mafuta. Mwingine atasema msumari umechelewa kuachia. Wote watatu watakuwa wamesema kweli, na kila mmoja anaweza kuthibitisha kwa kurusha tena. Tayari darasa limeanza, na hakuna aliyelilipia.

Milima ya Masisi inaongeza swali lake. Mahali palipo sawa, kurusha kwa pembe ya digrii 45, katikati ya kulala na kusimama, ndiko kunakofikisha mbali, ikiwa upepo haukuingilia. Lakini kwenye mteremko, ukirusha kuelekea bondeni, pembe inayofaa inashuka. Mtoto wa mlimani anaweza kuligundua hilo kwa macho yake kabla ya mwanafunzi wa mji mkubwa kulisoma.

Kwa walimu na vijana wenye kompyuta au simu kubwa, upo pia msaada wa bure. Chuo Kikuu cha Colorado, huko Marekani, kina mradi uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni michezo ya sayansi, mmoja wake ukiwa wa kurusha vitu kwa mzinga na kupima vinapoangukia. Baadhi imetafsiriwa kwa Kiswahili, na ikishapakuliwa inaweza kutumika bila intaneti. Mwalimu mmoja akipakua akiwa mjini, anaweza kuigawa kijijini kutoka simu hadi simu.

Yote haya yana masharti, na masharti hayo yasichukuliwe kwa mzaha. La kwanza linahusu uhai. Mtoto anayejenga mtambo hutafuta kitu kizito, na chuma ni kizito. Katika maeneo yaliyopiganiwa, chuma kilicho porini, kwenye mtaro au katika nyumba iliyoachwa kinaweza kuwa kombora au grenedi ambayo haijalipuka. Mtoto asiokote chuma asichokijua, hata kiwe kidogo, hata kiwe na kutu. Asikiguse, asikirushie jiwe, arudi kwa njia aliyojia, na amwambie mzazi au mkuu wa kijiji. Uzito wa mtambo uwe maji au mchanga katika chupa. Hakuna sababu ya kutafuta kingine.

La pili, kisirushwe jiwe, chupa wala kipande cha chuma. Ni udongo laini au mpira wa majani. Hakuna anayesimama mbele ya mtambo wala nyuma yake, kwa sababu msumari mbovu hurusha kinyumenyume. Wote wasimame pembeni. La tatu, shabaha isiwe mtu, mnyama, wala nyumba ya jirani. La nne, mtambo usijengwe karibu na barabara au karibu na wenye silaha. Mtu mwenye bunduki akiona kwa mbali fimbo ndefu ikiinuka ghafla, hatauliza kama ni mchezo. Uwanja wa kanisa, uwanja wa shule, nyuma ya kituo cha afya, hapo ndipo pa kufanyia, na mtu mzima awepo.

Lipo jambo moja zaidi. Rubaya iko Masisi, na koltani yake inatoa tantali, inayotumika katika vijisehemu vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu. Bisie iko Walikale, na mawe yake yanatoa bati, ambalo hutumika kuunganisha vipande vya umeme ndani ya simu na kompyuta duniani kote. Kwa maneno mengine, ule mchezo wa jioni unachezwa juu ya kifaa ambacho huenda udongo wake ulichimbwa mlima wa tatu kutoka hapo mtoto alipokaa. Udongo ulitoka hapa kwa bei ya chini, ukazunguka dunia, ukarudi ukiwa simu kwa bei ya juu. Faida ya katikati ilibaki kwa wale wanaojua kuunganisha vipande.

Mtoto wa Masisi na wa Walikale anaonyeshwa kila siku njia mbili za kuwa mkubwa: kushuka shimoni na koleo, au kubeba bunduki. Makundi yenye silaha yanajua kuwatafuta watoto wasio na la kufanya, na huwapa kazi, jina na chakula. Mtambo wa fimbo na chupa hautashindana peke yake na hayo. Haujazi tumbo wala haurudishi shamba. Lakini mtoto ambaye mtu mzima ameinama karibu naye na kumwuliza "kwa nini kimeanguka hapa?" amepewa kitu ambacho kundi halimpi: amechukuliwa kuwa mtu mwenye akili. Atakumbuka nani alimwuliza.

Kwa hiyo ombi kwa wazazi ni dogo. Maji yatekwe kwanza, kuni ziletwe, halafu mtoto apewe saa moja na kona moja ya kiwanja. Kwa walimu waliokimbia na wanafunzi wao, ambao bado wanaitwa mwalimu hata bila darasa: Jumamosi moja, fimbo mbili, chupa nne, makundi mawili, kikapu kimoja. Wasichana wawemo, na wasiwe wa kushangilia tu. Wao ndio wanaobeba madumu kila siku, na hakuna anayejua uzito wa maji kuliko wao. Kwa makanisa na kamati za wakimbizi: mpira wa miguu una uwanja wake na zawadi zake, na mtambo unaolenga kikapu nao upate siku yake. Kwa redio za hapa: dakika tano za mtoto anayeeleza mtambo wake zitasikilizwa hadi mwisho na kila nyumba yenye mtoto.

Na kwa mjomba mwenye simu: akimaliza kuwaonyesha mchezo, aizime, betri ibaki kwa ajili ya habari za nyumbani. Kisha atoke nao nje, achukue fimbo, na kabla hajawaonyesha lolote awaulize wao waanzie wapi.